Nitumie Picha ya Shimo: Mbwa Anayechimba na Kutafuna Kila Kitu

Kabla hujalifukia, lipige picha. Shimo, si mbwa. Watu wakinitafuta hunitumia sura ya mbwa aliyejikunyata, masikio yamelala, na chini yake maneno: "Dada, huyu kanishinda, nifanyeje?" Sura hiyo hainisaidii. Nataka kuona shimo liko wapi, lina kina gani, ni moja au ni kumi, na kama kuna anayejua lilichimbwa saa ngapi. Kila nyumba ninayoitwa hapa Arusha, iwe Njiro au Ngaramtoni, kwanza nazunguka ua mzima nikitazama chini, huku mwenye nyumba akinifuata nyuma na habari za maua yake.

Nilisomea mifugo pale Tengeru nikijua kazi yangu itakuwa ng'ombe wa maziwa na chanjo za kuku. Ng'ombe bado wapo, lakini mji umejaa kuta, na nyuma ya kuta kuna mbwa. Wenye mbwa hao wananiuliza dawa: ya kunyunyiza, ya kupaka, ya kumchanganyia kwenye chakula. Dawa hiyo haipo. Mbwa huchimba na kutafuna kama kuku anavyopekua, ndivyo alivyoumbwa. Kilichopo ni sababu, na kila sababu ina namna yake ya kushughulikiwa. Ukikosea sababu utanunua wavu wa fensi nzima, kumbe mbwa alikuwa anatafuta ubaridi.

Kusoma shimo

Shimo pana, la kina cha kiganja tu, chini ya mti au ubavuni mwa tangi la maji, ni kitanda. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi; hujipoza kwa kuhema ulimi ukiwa nje, na vijasho kidogo vya nyayo haviwezi kumsaidia sana. Akiona udongo wa juu umepata moto, anauondoa alalie wa chini. Hapa kwetu hilo nalikuta zaidi Januari na Februari, lakini Dar na Tanga ni jambo la mwaka mzima. Mpe kivuli cha asubuhi na kivuli cha jioni, maana jua linahama na banda halihami. Mpe maji ambayo hawezi kuyapindua. Kama banda lake ni la bati tupu, weka makuti au mbao chini ya bati na acha nafasi ya hewa kupita juu. Na kama shimo lenyewe liko mahali pasipo na madhara, mwachie. Sijui kwa nini watu wanapigania futi mbili za udongo chini ya mwarobaini.

Vishimo vingi vilivyojipanga kama mstari katikati ya majani au kwenye migomba ni uwindaji. Huku kaskazini fuko wapo wengi. Wanakula mizizi ya migomba na viazi, wanasukuma vichuguu vya udongo mbichi, na mbwa anawasikia wakitembea chini ya ardhi sisi tukiwa hatuna habari. Hapo mwenye kosa ni fuko. Tafuta mtu wa mitego. Kila kijiji huku kina kijana anayejua kutega fuko kwa kamba na mti uliopindwa. Usitumie sumu, wala ya panya, kwa sababu mbwa atakayemfukua na kumla mnyama aliyekufa kwa sumu atadhurika nayo mwenyewe. Na kama umenunua Jack Russell au Dachshund kwa sababu ni mdogo na anapendeza, ujue wazee wake walizalishwa kwa kazi ya kuingia mashimoni kuwafuata wanyama. Huyo hutamwachisha kuchimba; utamwonyesha pa kuchimba, na nitaeleza namna.

Shimo dogo lililofukiwa vizuri, udongo wake laini, ni ghala. Amepewa mfupa mkubwa au chakula kingi kuliko njaa yake, akaweka akiba. Punguza, au mpe mfupa kwa muda kisha uuchukue. Hili halina mengi.

Jike anayechimba kona yenye giza, nyuma ya stoo au chini ya ngazi, na kubeba vitambaa kupeleka huko, anatengeneza mahali pa kuzalia. Mimba ya mbwa ni siku 63 hivi, kwa hiyo hesabu tangu alipokuwa kwenye joto, yaani siku zile za kukubali dume. Lakini kuna majike wanaochimba hivyo, matiti yakavimba hata kutoa maziwa, na tumboni hamna kitu. Hutokea mwezi mmoja na nusu hadi miwili baada ya joto kupita, na kwa kawaida huisha yenyewe ndani ya wiki mbili tatu. Usimkamue, maana utayaongeza hayo maziwa. Ikijirudia kila mara, zungumza na daktari wa mifugo kuhusu kumfunga kizazi.

Shimo jembamba linaloshuka wima likiwa limeegemea ukuta au senyenge ni la kutoroka. Na mikwaruzo kwenye mlango, fremu iliyotafunwa, pazia lililochanwa, ni habari ya upweke. Hayo mawili nitayarudia.

Bado mashimo ya aina ya mwisho, ambayo ndiyo mengi: hapa moja, pale moja, jipya kila asubuhi, bila mpango wowote. Hayo yanatokana na ratiba ya nyumba.

Banda la mchana kutwa

Tusemane ukweli. Kwenye nyumba nyingi za mijini, mbwa anafungiwa bandani alfajiri, anakaa humo mchana kutwa, anafunguliwa usiku watu wakienda kulala. Banda lenyewe mara nyingi hata kugeuka ni kwa taabu. Chakula ni sufuria moja ya ugali jioni, ambayo anaimaliza kwa dakika mbili. Halafu mnyama huyu mwenye nguvu za siku nzima anaachiwa ua mtupu, gizani, peke yake, na asubuhi mnashangaa mchicha umeng'olewa, mpira wa maji umekatwa vipande na kanga zimevutwa kutoka kambani.

Mzee mmoja mstaafu wa Njiro aliniita kwa ajili ya German Shepherd wake dume. Nilipomwamkia aliitikia marahaba, hapo hapo akaanza: "Binti, huyu mbwa ana wazimu. Amefukua hadi mche wa parachichi niliopanda na wajukuu."

"Mzee, mchana anakaa wapi?"

"Bandani. Akizoea watu mchana, usiku hatalinda."

Jibu hilo nalisikia kila mahali, na linatoka kwa watu wenye busara zao, kwa hiyo nalijibu kwa heshima. Mbwa mzima hulala nusu ya siku au zaidi, umfungie usimfungie. Ukimtoa asubuhi na jioni, mchana atalala mwenyewe chini ya mti na usiku atakuwa macho. Mbwa habweki kwa sababu alifungiwa. Anabweka kwa sababu anaijua nyumba yake, watu wake na sauti za kawaida za mtaa, na ameisikia isiyo ya kawaida. Aliyefungiwa bandani siku zote haijui ya kawaida ni ipi. Ndiyo maana anabwekea kila kitu, nanyi mmeshazoea kutomsikiliza.

Tulichokubaliana na yule mzee ndicho ninachowaambia wengi. Saa kumi na mbili asubuhi, kabla barabara haijajaa watu, kijana wa nyumbani anamtembeza kwa kamba imara nusu saa au zaidi, na anamwacha anuse. Kunusa ndiko kunakomchosha. Ukimvuta kamba atembee kama yuko kwenye gwaride, utarudi wewe umechoka na yeye yuko vilevile. Njiani wapo wanaoogopa mbwa, na wapo majirani ambao dini yao inawataka wajiepushe na mate ya mbwa. Vuka upande wa pili, usisubiri kuambiwa. Kwa jibwa lililozoea kuvuta, mkanda wa kifuani wenye pete ya mbele unasaidia kuliko mnyororo wa shingoni.

Chakula kigawe mara mbili, na usikimwage chote sufuriani. Ugali wa dona na dagaa ukishapoa, ufinyange vidonge vidogo, uvitawanye kwenye majani na nyuma ya vyungu vya maua, akavitafute. Kile alichokuwa anakimaliza kwa dakika mbili kitamshughulisha robo saa, na pua yake itakuwa imefanya kazi. Mvua ikinyesha au majani yakiwa machafu, tumia boksi la karatasi lililojazwa magazeti yaliyokunjwa, chakula kikiwa katikati. Atalichana boksi. Mwache alichane, bora boksi kuliko godoro.

Jioni dakika kumi za mafunzo. Usipitishe hapo. Na familia ichague lugha moja. Nimekuta nyumba baba anamwamuru mbwa kwa Kiingereza, watoto kwa Kiswahili na mlinzi kwa Kimaasai, halafu mbwa anaitwa mjinga.

Banda liendelee kuwepo, kubwa, lenye kivuli, mlango wazi. Kama kuna saa ambazo lazima afungiwe, kwa mfano mafundi wakiwa kazini au geti likiwa wazi, afungiwe akiwa ameshatembea, na awe na kitu cha kutafuna. Wiki za kwanza mashimo yataendelea, kwa sababu mazoea hayaondoki kwa siku moja, na mzee wa watu alinipigia simu kulalamika. Kisha yakaanza kupungua. Parachichi lilipandwa upya, safari hii likazungushiwa mawe.

Shimo lake mwenyewe

Mbwa anayependa kuchimba mpe pake. Chagua kona yenye kivuli, mbali na ukuta na mbali na bomba la maji. Mita moja na nusu kwa mita moja inamtosha mbwa wa wastani; jibwa kubwa liongezee, ili aweze kulala na kujigeuza humo. Chimba sentimita 40 hadi 60, weka mabanzi au tofali pembeni ili mchanga usisambae, halafu jaza mchanga wa mto uliochanganywa na udongo kidogo. Mchanga mtupu mkavu hautuami. Mbwa akichimba unamrudia, anachoka nao. Unyunyizie maji uwe na unyevu.

Sasa mfundishe, kwa sababu hatajua kwamba hapo ni pake. Siku ya kwanza weka vitu juu ya mchanga wazi kabisa: kipande cha nyama kavu, mpira anaoupenda. Mwite, mwache achukue, msifie kwa sauti. Siku zinazofuata vifukie vidole viwili, kisha vidole vinne, kisha kiganja kizima. Zika akiwa haoni. Ukimkuta anachimba kwenye maua, usipige kelele. Piga makofi, mwite, mwongoze hadi shimoni pake na umkutanishe na kitu humo. Hapa wengi huishiwa subira, wanazika vitu siku tatu kisha wanasahau. Shimo lisilo na kitu kwake ni udongo tu, na udongo upo ua mzima.

Usiku lifunike kwa turubai. Paka wa jirani wakiligundua watalifanya choo, na hapo mtakuwa na tatizo jingine.

Mashimo ya zamani yajaze mawe nusu, kisha udongo ushindiliwe. Wapo wanaofukia kinyesi cha mbwa mwenyewe humo, na mbwa wengi kweli hawarudi. Mimi sikushauri kama una watoto wanaochezea udongo, kwa sababu kinyesi cha mbwa hubeba mayai ya minyoo yanayowapata watu. Oili chafu ya gari, petroli na pilipili ya unga usithubutu. Mbwa atakanyaga, atajilamba nyayo, na utakuja kwangu na ugonjwa badala ya shimo. Kumzamisha kichwa kwenye shimo lililojaa maji ni ukatili, na nashangaa bado watu wanaambiana.

Bustani

Angalia unachoweka kwenye matuta. Mbolea ya kuku, unga wa mifupa, mabaki ya dagaa na maji ya kuoshea samaki vyote vinanukia chakula. Ukivitumia, vichanganye chini kabisa, mwagilia, na uzuie tuta kwa wiki chache. Pia usipande mbwa akikutazama. Udongo uliofukuliwa sasa hivi unanukia vizuri, na wapo wanaokuja kufukua palepale ulipochimba. Mfunge au mtembeze kwanza, panda baadaye.

Kwa matuta ya mchicha na figiri, laza wavu wa kuku juu ya udongo, bana kingo kwa mawe, mimea ichomoze kwenye matundu. Mbwa hapendi waya chini ya kucha zake. Miti michanga izungushie mawe makubwa yaliyozama nusu. Na kabla hujapanda maua ya ua, kumbuka kwamba oleanda, ile ya maua ya waridi na ile ya njano pia, ni sumu kwa mbwa anayetafuna matawi.

Fensi

Kwanza jiulize anakwenda wapi. Dume asiyehasiwa akisikia harufu ya jike aliye kwenye joto atachimba hadi kucha zitoke damu, na jike huingia joto takriban mara mbili kwa mwaka, karibu wiki tatu kila safari. Ukizidisha kwa majike wote wa mtaa, dume wako hana likizo. Kumhasi kunapunguza sana uzururaji wa namna hii, ingawa mwenye mazoea ya muda mrefu anaweza kuendelea kidogo. Wengine wanakimbia kitu: fataki, ngurumo, kijana wa nyumbani anayewapiga. Wengine wanafuata jalala la jirani.

Kuziba kwenyewe, kazi inafanyika upande wa ndani, kwa kuwa mbwa huanza kuchimba mguuni mwa fensi. Chukua wavu wa waya uliochomelewa, si ule mwembamba wa kuku unaooza kwa kutu msimu mmoja. Ukunje pembe: sentimita 30 zisimame na kufungwa kwenye fensi, sentimita 60 zilale juu ya ardhi kuelekea ndani. Kingo zenye ncha zikunje chini zisimkate. Bana kwa vipande vya nondo vilivyopindwa, funika kwa udongo na majani. Baada ya masika majani yatakuwa yameufumbata na hutauona. Mbwa akija mguuni mwa fensi anachimba juu ya wavu, na hana akili ya kurudi nyuma hatua moja aanzie pale unapoishia. Fensi ya michongoma peke yake haimzuii. Chini ya michongoma kuna nafasi kubwa kuliko unavyodhani. Ingiza mikono yako hapo chini, upapase.

Vitu vinavyotafunwa

Kwa mtoto wa mbwa, kutafuna ni meno. Ana meno 28 ya utoto. Yanaanza kung'oka anapokaribia miezi minne, na kufikia miezi saba hivi ana 42 ya ukubwani. Katika miezi hiyo fizi zinawasha, na kandambili yako ina harufu yako na ni laini. Usimlaumu, inua kandambili. Viatu viwekwe kwenye rafu, waya za chaji ziinuliwe, mpira wa maji ukunjwe na kutundikwa. Mama mmoja aliniambia, "Kwa hiyo mimi ndiye nipange nyumba kwa ajili ya mbwa?" Ndiyo, mama, kwa miezi michache.

Mpe mbadala. Karoti nzima iliyolala kwenye friji inamtuliza, na karoti kwenye soko la Kilombero hapa mjini haziumizi mfuko. Kitambaa kikuukuu kilichofungwa fundo, kikaloweshwa na kugandishwa, kinafaa pia, ila mwondolee kikianza kutoka nyuzi. Nyuzi ndefu zikimezwa zinaweza kukaza utumbo. Kwa wakubwa, masikio ya ng'ombe kutoka machinjioni, yakachemshwa dakika chache na kukaushwa juani, ni starehe ya saa nzima.

Mifupa ndipo watu wanaponipa presha. Mfupa uliopikwa, hasa wa kuku, unapasuka vipande vyenye ncha, usimpe. Mfupa mbichi mkubwa wa goti anaweza kuuguguna ukimwangalia, lakini ule mnene wa paja la ng'ombe umeshavunja meno ya mbwa wengi. Na mapafu na maini mabichi, hasa ya kondoo na mbuzi waliochinjwa nyumbani, usimtupie kamwe. Mle huwa na malengelenge ya tegu ambalo likikomaa ndani ya mbwa, mayai yake yanawarudia watu na kuota vivimbe vya maji ini na mapafu. Jamii za wafugaji wa huku kwetu zinaujua ugonjwa huo kwa uchungu.

Akishika kisichoruhusiwa, usimkimbize. Kwake huo ni mchezo, na umeanza kucheza. Mpe kitu bora zaidi abadilishane, kisha mfundishe neno "acha" mkiwa hamna ugomvi. Shika chakula ndani ya ngumi, mnusishe. Atalamba, atapapasa, atalia. Nyamaza. Sekunde atakapoondoa pua, mpe kingine kutoka mkono wa pili. Rudia hadi akiona ngumi anarudi nyuma mwenyewe. Hapo ndipo utangulize neno "acha". Hamia sakafuni, chakula chini ya kiganja. Kisha kiatu. Ukianza na kiatu, umeanzia mwisho.

Anayeharibu mkiondoka

Acha simu kuukuu dirishani ikirekodi mnapotoka. Mbwa mwenye nguvu zilizozidi hulala kwanza, kisha huharibu baadaye akichoka kukaa. Mwenye hofu ya upweke huanza mara tu, mara nyingi ndani ya nusu saa ya kwanza: anahema, anadondosha mate, anakwaruza mlango mliotokea, anajikojolea hata kama si tabia yake. Huyu wa pili usimfungie bandani ukidhani umemaliza. Atajivunja meno na kucha.

Anachohitaji ni kuzoea taratibu. Shika funguo, kaa chini tena. Fungua mlango, rudi. Toka nje sekunde kadhaa, rudi kabla hajaanza kuhangaika. Ongeza kidogo kidogo, siku nyingine punguza. Katika wiki hizo jitahidini asiachwe peke yake kwa muda anaoshindwa: dada wa kazi, bibi, mlinzi wa mchana, yeyote. Wanaorudi kazini baada ya likizo ndefu wanapata shida hii sana, na wanaohama nyumba. Ikizidi, kuna dawa halali anazoandika daktari wa mifugo, zinazotumika pamoja na mafunzo haya. Usimpe vidonge vya usingizi vya binadamu.

Fimbo

"Lakini anajua amekosea. Ukimtazama tu usoni unaona." Mwaka 2009 mtafiti wa Marekani Alexandra Horowitz, wa Barnard College huko New York, alichapisha jaribio lililolenga sura hiyo hiyo. Mbwa waliamriwa wasile kitu, wenye mbwa wakatoka chumbani. Waliporudi waliambiwa mbwa amekula au hajala, wakati mwingine wakidanganywa. Ile sura ya kujutia ilitegemea kama mwenye mbwa alikaripia, na haikutegemea kama mbwa alikula. Mbwa waliokaripiwa bure walionyesha majuto kama walaji, hata kuzidi. Anasoma uso wako, basi. Ukimchapa saa moja asubuhi kwa shimo la saa nane usiku, anachojifunza ni kwamba asubuhi wewe ni hatari. Na mbwa mwenye hofu huchimba zaidi.

Inapokuwa ugonjwa

Mbwa anayekula udongo, si kuchimba tu, mwangalie ufizi. Ukiwa umepauka, fikiria minyoo, hasa safura, na kupe pia hupunguza damu. Watoto wa mbwa hupewa dawa ya minyoo kila wiki mbili hadi wafikishe wiki 12, kisha kila mwezi hadi miezi sita, na baada ya hapo kila miezi mitatu. Anayejitafuna mwenyewe, mkia au nyayo, ana viroboto, funza au mzio, mpekue.

Lakini mbwa aliyekuwa mtulivu, ghafla anatafuna mbao, mawe, nondo za banda, sauti imebadilika, mate yanamtoka, hamezi vizuri, anazurura au anavamia, huyo usimfundishe chochote. Hicho kinaweza kuwa kichaa cha mbwa. Usimguse, usimtie mkono mdomoni ukidhani amekwamwa na mfupa. Mfungie kwa mbali, mwite afisa mifugo wa kata. Aliyeng'atwa, kukwaruzwa au kulambwa kwenye kidonda aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akaanze sindano. Asisubiri kuona kama mbwa atakufa. Na mbwa akifa msimzike kabla afisa hajafika, maana kipimo huchukuliwa kwenye ubongo.

Chanjo inaanza mbwa akiwa na miezi mitatu, na hurudiwa kila mwaka. Ofisi ya mifugo ya kata itakuambia tarehe. Mara nyingi kampeni huwekwa karibu na 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Ukiniita kwa sababu ya mashimo, nitaomba cheti cha chanjo hiyo kabla sijamfungulia mbwa wako mlango wa banda.